Namna ya Kurekodi Albamu ya Kumuenzi Mwimbaji wa Zamani Ukiwa Mtwara au Lindi

Mwongozo huu ni kwa waimbaji wa Mtwara na Lindi wanaofikiria kurekodi albamu nzima ya nyimbo za mwanamuziki mmoja wa zamani kwa nia ya kumuenzi. Mfano nitakaoutumia zaidi ni Marijani Rajab, aliyeitwa Jabali la Muziki, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1955, aliyeimba na Safari Trippers na baadaye Dar International, akafariki mwaka 1995. Hata hivyo, hatua ni zilezile kwa anayemtaka Mbaraka Mwinshehe au Salum Abdallah. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: nyimbo za dansi za miaka ile zilitengenezwa na watu waliopiga pamoja ndani ya chumba kimoja huku wakitazamana, na anayezirudia juu ya biti lililopangwa na mtu mmoja kwenye kompyuta huwa ameshika maneno na kuuacha wimbo. Kazi hiyo inaweza kufanyika vizuri hapahapa kusini, mradi maandalizi yachukue muda mrefu kuliko siku za kurekodi.

Kuzipata nyimbo zilivyo

Anza na orodha ndefu kuliko unayoihitaji. Ukitaka albamu ya nyimbo kumi, sikiliza ishirini na tano au thelathini, wala usitosheke na zile tatu nne ambazo redio huzirudia katika vipindi vya zilipendwa, kwa kuwa hizo msikilizaji anazijua kwa moyo na atakulinganisha nazo neno kwa neno. Albamu ya kuenzi hupata uzito pale inapomrudishia msikilizaji wimbo aliokwisha kuusahau. Kwa hili hakuna maktaba bora kuliko wazee. Mikindani, Lindi mjini, Nachingwea na Masasi wapo watu waliokuwa vijana wakati muziki huo ulipokuwa mpya, na wengi bado wanazo beti nzima kichwani. Mwamkie mzee, mweleze nia yako, mwimbie kipande, kisha nyamaza. Mara nyingi atakukamilishia mwenyewe.

Unapokusanya nakala, uelewe zilikotoka. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwenye tepu kwa ajili ya kuzirusha hewani, na bendi nyingi zilisafiri hadi Nairobi kurekodi nyimbo za kutolewa katika santuri. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa katikati: upande wa kwanza ukabeba beti na kiitikio, upande wa pili ukabeba chemko, yaani ile sehemu ya mwisho ambapo magitaa huchukua nafasi na waimbaji huitikia kwa maneno machache. Nakala nyingi zinazozunguka kwenye simu ni za upande wa kwanza peke yake. Ukisikia wimbo unafifia ghafla gitaa la solo linapoanza kupanda, jua kwamba nusu yake haipo, na uitafute kabla hujaanza kupanga chochote.

Jambo la pili ni kasi. Tepu iliyozungushwa haraka kidogo au polepole kidogo hupandisha au hushusha sauti yote, na bendi zenyewe mara nyingine zilikaza nyuzi kwa kusikilizana tu, bila kinanda cha kulinganisha. Matokeo yake ni kwamba wimbo unaweza kukaa katikati ya noti za E na F, na mpiga gitaa wako akajaribu kuufuata asubuhi nzima bila kuupata. Tafuta nakala mbili au tatu za wimbo huohuo, uzilinganishe, kisha uirekebishe moja kwa programu ya kompyuta mpaka ikae sawasawa na gitaa lililopimwa. Hiyo ndiyo nakala ambayo wapigaji wote watajifunzia.

Maneno yaandike kwa mkono, ukisikiliza kwa hedifoni, mstari mmoja baada ya mwingine. Neno usilolisikia vizuri usilibuni. Liachie nafasi, kisha upeleke karatasi hiyo kwa watu wawili wanaoujua wimbo, kila mmoja kwa wakati wake. Wakipishana, rudi kwenye nakala. Nyimbo za Marijani nyingi ni visa vyenye wahusika, mwanzo na mwisho, na neno moja lililokosewa linaweza kumfanya mkosaji awe mkosewa. Pembeni mwa maneno andika pia muundo: mizunguko mingapi ya gitaa kabla ya ubeti wa kwanza, kiitikio kinarudi mara ngapi, saksafoni inaingia wapi, chemko linaanza kwa ishara ya nani.

Haki za watunzi na warithi

Wapo wanaoamini kwamba wimbo wa zamani hauna mwenyewe, na imani hiyo imewagharimu watu albamu zao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda wimbo katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, hivyo muda wa nyimbo alizotunga peke yake ulikwisha pamoja na mwaka 2015. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, na nyimbo zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029. Za Marijani zinafika mwisho wa mwaka 2045. Zingatia kwamba hesabu hii inamfuata mtunzi, wala si aliyeimba. Ndani ya bendi, wimbo uliosikika kwa sauti ya mwimbaji mashuhuri huenda ulitungwa na mpiga besi au mwimbaji mwenzake, na huyo huenda yu hai.

Kwa sababu hiyo, kila wimbo katika orodha yako uwe na jina la mtunzi mbele yake kabla hujalipa chumba cha mazoezi. Anza kuuliza katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, iliyoko Dar es Salaam, kuhusu kazi zilizosajiliwa na warithi wanaotambulika. Kisha nenda kwa familia. Nenda mwenyewe ikiwezekana, ukiwa na mtu mzima anayeheshimika, kwa maana ombi la namna hii linapofika kwa ujumbe wa simu huonekana kama la mtu anayetaka kuchuma tu. Uliza ni nani msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, kwa kuwa ruhusa ya mtoto mmoja haiwafungi ndugu zake. Makubaliano yaandikwe na kutiwa saini, yakitaja nyimbo moja moja, matumizi yote unayoyakusudia (diski, mitandao ya kusikilizia muziki, video, majukwaa), mgawo wa mapato, na muda wa ruhusa. Mkataba wa ukurasa mmoja ulioeleweka na wote unatosha kuliko wa kurasa kumi ambao hakuna aliyeusoma.

Ruhusa ya kuuimba wimbo haikupi ruhusa ya kutumia rekodi ya zamani. Rekodi ina mwenyewe tofauti, ambaye anaweza kuwa kampuni iliyotoa santuri au shirika la utangazaji lililomiliki tepu, na hata sekunde chache za gitaa la awali ukizipachika katika wimbo wako zinaweza kuhitaji idhini yake. Piga upya. Usajili wako wewe kama msanii, unaohusu BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), uanzie kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako; atakuelekeza utaratibu uliopo sasa, na hilo ni jambo la kumaliza mapema ili lisikukwamishe siku ya uzinduzi.

Ufunguo wako, na mipaka ya kubadilisha

Ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti unachoimbiwa, uchaguliwe na koo lako. Tafuta mstari wenye sauti ya juu kuliko yote, uuimbe bila ala katika funguo tatu zilizopishana kwa nusu toni mbili mbili, ujirekodi kwa simu, na ufanye hivyo jioni baada ya kuimba saa nzima. Ufunguo unaokuruhusu kuutamka mstari ule wazi ukiwa umechoka ndio wako. Mwanamke anayeimba nyimbo za mwanamume huhitaji mara nyingi kupandisha wimbo kwa nusu toni tano au saba, na hapo magitaa hubadilika tabia. Mapigo mengi ya rizimu na solo ya miaka ile yalijengwa juu ya nyuzi zinazoachwa wazi, na ukiyahamisha kwa vidole tu ule mlio wa kengele unapotea. Dawa yake ni kibanio cha shingo ya gitaa, ambacho wapigaji hukiita kepo, ili vidole vibaki katika maumbo yaleyale. Kushusha ufunguo ni kugumu zaidi, kwa kuwa waya mnene wa gitaa la besi la kawaida unaishia E, na wimbo uliokuwa wa E ukiushusha besi linakosa sakafu.

Kuhusu maneno, ushauri wangu ni kutobadilisha. Kiswahili kinamsaidia mwimbaji hapa, kwa kuwa mapenzi, lawama na majuto huimbwa bila kutaja kama mwimbaji ni mume au mke, na majina ya wahusika yaache kama mtunzi alivyoyaweka. Kinachofaa kubadilishwa ni majina yanayoitwa katika chemko. Waimbaji wa zamani waliwaita wapigaji wao ili wapande, na wewe waite wako. Kuwaita watu ambao hawamo chumbani kunasikika kama kusoma karatasi.

Usiige sauti ya marehemu. Jifunze mahali alipovuta pumzi, silabi aliyoivuta na aliyoiachia mapema, kisha uimbe kwa koo na lafudhi yako ya kawaida. Watunzi wale waliweka noti ndefu pale ambapo Kiswahili chenyewe huweka mkazo, yaani silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na ukisogeza mkazo kwa ajili ya madoido msikilizaji mzee ataacha kufuatilia kisa. Madoido yana nafasi yake katika marudio ya mwisho ya kiitikio, baada ya kisa kueleweka.

Wapigaji na mazoezi

Bendi ya kutosha ni wapigaji sita: solo, rizimu, besi, drams, tumba na saksafoni au tarumbeta, na waitikiaji wawili. Mtwara na Lindi wapigaji hawa wapo, ila wametawanyika. Watafute katika bendi za hotelini, katika kwaya za makanisa, na miongoni mwa wastaafu wa bendi za majeshi, ambao aghalabu ndio pekee wanaosoma noti za saksafoni. Kwa waitikiaji, vijana waliokulia katika kaswida wana sikio zuri la kuimba kwa pamoja na kumaliza neno kwa wakati mmoja, na hilo la kumaliza pamoja ndilo gumu.

Wengi watakuomba utie ngoma za kusini ili albamu ionekane ya huku. Nakubaliana nalo kwa kiasi. Rumba huhesabika kwa nne, ilhali midundo mingi ya ngoma za Kimakonde huhesabika kwa tatu tatu, na zikiwekwa pamoja bila mazungumzo hugombana. Mwite mpigaji wa vinganga, zile ngoma ndogo za Kimakonde, kwenye mazoezi, si siku ya kurekodi, akae na mpiga tumba peke yao mpaka wakubaliane, kisha mtumie walichokipata katika chemko la wimbo mmoja au mbili. Kuzijaza ngoma kila mahali kutamfunika yule unayemuenzi.

Mazoezi yaendelee mpaka wimbo uchezeke mwanzo hadi mwisho bila mtu kutazama karatasi. Ukifika hapo rekodi kwa simu, sikilizeni pamoja, na kila mpigaji aambiwe jambo moja tu la kurekebisha.

Msimu na chumba

Panga kurekodi kati ya Juni na Septemba. Mvua za kusini huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na chini ya paa la bati mvua ndogo tu inatosha kuufuta usiku mzima wa kazi. Miezi ya kusi ni mikavu na ya baridi kidogo, ingawa upepo wake una nguvu, kwa hiyo ukiwa karibu na bahari, kama Shangani ya Mtwara, chagua chumba ambacho madirisha yake hayautazami. Msimu huo unakupa faida nyingine: kazi inakuwa tayari kufikia Oktoba, minada ya korosho inapoanza na fedha kuingia majumbani, na watu wa Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa wanapokuwa na uwezo wa kununua diski na kulipa kiingilio.

Chumba cha kuta za saruji kina mwangwi mkali. Simama katikati, piga kofi moja, usikilize. Ukisikia mlio unaoruka baada ya kofi, chumba bado hakifai. Simamisha magodoro katika pembe, tundika mablanketi mazito yakiwa mbali kidogo na ukuta, tandika mkeka na zulia juu yake, kisha upige kofi tena mpaka mlio ufe mara moja. Zima feni na friji. Rekodi sauti baada ya saa tano usiku, mtaa ukitulia na bodaboda zikipungua, na uulize mapema kama kuna shughuli ya unyago au harusi jirani, kwa kuwa ngoma ya usiku hupenya kila godoro. Hewa ya chumvi hula nyuzi za gitaa na viunganishi vya nyaya. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe, viweke katika masanduku ya ala.

Siku za kurekodi

Kifaa cha kuingizia sauti chenye nafasi nane kinatosha kuirekodi bendi kwa pamoja. Mgawo ninaoupendekeza ni maikrofoni tatu kwa drams (moja kwenye dramu kubwa, mbili juu), moja kwa tumba, nafasi tatu kwa besi, rizimu na solo, na moja kwa sauti yako ya kuongozea. Besi liingie moja kwa moja kwa waya. Spika za magitaa mawili zitolewe nje ya chumba, au zigeuziwe ukuta na kufunikwa, ili zisimwagike ndani ya maikrofoni za drams. Wapigaji wakae duara, wote wamwone mpiga drams na wote wakuone wewe. Imba kwa dhati hata kama sauti hiyo itafutwa, kwa sababu solo hujibu unachoimba. Ukinung'unika, naye atanung'unika.

Kliki ya kompyuta, yaani mlio wa kuhesabia mwendo, nisingeiacha ikimpigia mpiga drams wimbo wote. Ukipima nyimbo za zamani utaona kwamba mwendo hupanda kidogo chemko linapoingia, na kupanda huko ndiko kunakoinua watu kwenye viti. Mpe kliki kwa hesabu mbili za mwanzo ili aanze mahali sahihi, kisha uizime. Mpige kila wimbo mara tatu hadi nne, mchague pigo zima lililo bora, na makosa madogo yaachwe. Zikifika mara nane, ule wimbo uahirisheni hadi kesho yake.

Sauti yako ya mwisho irekodiwe siku nyingine. Katika nyumba ya kawaida maikrofoni ya dainamiki ni salama kuliko ya kondensa, ambayo huchukua hata jogoo wa nyumba ya tatu. Simama umbali wa shubiri moja, na kati yako na maikrofoni weka soksi nyembamba ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya, ili herufi P na B zisipige kishindo. Waitikiaji wasirekodiwe mmoja mmoja. Waizunguke maikrofoni moja, mwenye sauti kubwa arudi nyuma hatua moja, na mizani ipatikane kwa miguu yao kabla ya kompyuta. Acha kilele cha sauti kiwe chini kabisa ya alama nyekundu, rekodi kwa biti 24 (kipimo cha ubora wa sauti ya kidijitali), na kila usiku nakili kazi yote katika diski mbili zinazolala nyumba tofauti.

Kazi ya uchanganyaji na masteringi (kuiweka sawa sauti ya albamu nzima mwishoni) unaweza kumpa fundi wa Dar es Salaam, mradi umpelekee faili kamili za WAV za kila ala, zote zikianzia sekunde ya kwanza, pamoja na ile nakala ya zamani uliyoirekebisha. Usimtumie kwa WhatsApp kama faili za sauti za kawaida, kwa kuwa zinaweza kubanwa na kupungua ubora. Mwambie wazi kwamba sauti ya mwimbaji ikae mbele kwa kiasi cha kueleweka kila neno, na besi lisikike hata kwenye redio ndogo ya dukani.

Kwenye jalada na katika maelezo ya mtandaoni andika kwa kila wimbo jina la mtunzi, bendi iliyoupiga kwanza, na wapigaji wako wote kwa majina. Kabla ya kupakia chochote, mpelekee msimamizi wa mirathi nakala ya mwisho asikilize na familia, kwa kuwa jina la mtunzi lililokosewa hurekebishwa kwa dakika tano wakati huo na kwa miezi baadaye. Fungua daftari la mapato tangu diski ya kwanza kuuzwa, ukiandika tarehe, idadi, fedha iliyoingia na fungu la warithi, na uwapelekee hesabu hiyo kila baada ya miezi sita hata kama kiasi chenyewe ni kidogo.